Mto Hauna Chimbuko Moja

Miongoni mwa maswali ambayo mwanafunzi wa nchi hii huulizwa tangu shule ya msingi mpaka anapoiaga ya upili, hakuna lililozoeleka kama hili: Mto Tana unaanzia wapi, nao unaishia wapi? Na hakuna jibu linalotolewa kwa wepesi zaidi: unaanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, nao unaishia katika Bahari ya Hindi. Mwalimu huridhika, mtahini hutia alama ya vema, na mtoto hutoka darasani akiamini kwamba ameujua mto. Mimi ni mwalimu wa somo hilo hilo, nami nasema kwamba mtoto huyo hakuujua mto; amejua ncha mbili za kamba, na kamba yenyewe hajaiona. Swali lenyewe ni bovu. Linafundisha uwongo ambao gharama yake hailipwi darasani, bali hulipwa na mkulima wa Garsen, na mvuvi wa Malindi, na mama wa Nairobi anayeingoja siku ambayo bomba lake litatoa maji.

Nashikilia neno hili, na awezaye kulipinga na alipinge: mto hauna chimbuko moja. Mto ni mkusanyiko. Kila chemchemi ibubujikayo chini ya jiwe, kila kinamasi, na kila kijito kisichopata jina katika ramani ni chimbuko la mto, kwa haki ile ile iliyo nayo chemchemi yenye sifa. Wazee walisema tone na tone huwa mchirizi, wala hawakuuliza tone la kwanza lilikuwa lipi.

Hata lugha yetu imetupotosha kidogo hapa, nami naipenda lugha hii vya kutosha kuthubutu kuikosoa. Mto mdogo unaoingia katika mkubwa twauita tawimto. Lakini tawi la mti hupata uhai kutoka katika shina. Ukilikata tawi, mti huendelea kuishi, na pengine hunawiri zaidi. Tawimto halifanyi hivyo. Lenyewe ndilo linaloulisha mto, wala mto haulilishi. Kama ni kufananisha na mti, lingefaa kuitwa mzizi, na kila mkulima anaijua hali ya mti uliokatwa mizizi. Sitaki kuanzisha vita na waandishi wa kamusi. Neno limekwisha kuzoeleka, nami nitalitumia. Lakini msomaji alitumie huku akijua kwamba limesimamishwa kichwa chini miguu juu.

Tamaa ya kutafuta chimbuko moja na kulipigia magoti ina historia yake. Katika karne ya 19 mabwana wa Ulaya walishindana vikali kutafuta mahali unapoanzia Mto Nile. John Hanning Speke aliliona ziwa kubwa kutoka upande wa Mwanza mwaka 1858, akalipa jina la malkia wake. Mwaka 1862 akasimama Jinja, maji yatokapo ziwani, akashikilia kwamba kitendawili kimeteguliwa. Basoga walioishi hapo, ambao huuita mto huo Kiyira, hawakuwa na kitendawili chochote. Wala hakikuteguliwa. Ziwa nalo huingiwa na mito: Kagera kutoka magharibi, na kutoka kwetu Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Kuja na Mara. Basi wengine wakasema chimbuko la kweli ni la Kagera. Kagera nao una mizizi miwili mikubwa, Nyabarongo wa Rwanda na Ruvubu wa Burundi. Huko Rutovu, nchini Burundi, kulijengwa piramidi ndogo ya mawe mwaka 1938 kuonyesha chemchemi ya kusini kabisa, na Rwanda nayo huonyesha yake katika msitu wa Nyungwe. Nani mkweli? Sehemu kubwa ya maji yanayoingia katika ziwa hilo, yapata asilimia 80, hayaletwi na mto wowote: ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Je, tujenge piramidi mawinguni? Tena maji yanayofika Misri, yapata asilimia 85, hutoka katika nyanda za juu za Ethiopia kwa njia ya Nile ya Buluu, Atbara na Sobat. Mto ulioshindaniwa kwa ajili ya urefu wake hupata wingi wa maji yake upande mwingine kabisa, na watu walikwisha kupewa medali kabla ya jambo hilo kutiliwa maanani.

Tumeirithi tabia hiyo pamoja na vitabu vyake. Sasa tuurudie Tana wetu, tuutazame kwa macho yasiyotafuta sifa.

Mto huu una urefu wa yapata kilomita 1,000, nao ndio mrefu kuliko yote ya Kenya. Ukiupanda kutoka baharini hutakuta mahali penye kibao kisemacho kwamba hapa ndipo. Utafika pande za mji wa Sagana, na hapo jina la Tana litakuponyoka, kwa kuwa huko mto huitwa Sagana. Ukiushika Sagana utakupeleka kulia, Mlima Kenya. Lakini njiani utapita mahali maji ya Gura na Chania yanapoingia kutoka Nyandarua, upande wa kushoto, nayo si machache. Ukienda kulia umeuacha Tana wa kushoto. Ukienda kushoto umeuacha wa kulia. Na mto Chania wa Nyeri usiuchanganye na Chania wa Thika. Ni mito miwili yenye jina moja. Yote miwili hushuka kutoka Nyandarua, na yote miwili huishia katika Tana, kila mmoja kwa njia yake. Nimesahihisha daftari nyingi ambamo mito hiyo ilifungishwa ndoa bila ridhaa yake.

Tuendelee kuhesabu. Kutoka Nyandarua huja pia Mathioya, Maragua na Thika. Kutoka upande wa kusini wa Mlima Kenya huja Ragati, Nyamindi, Thiba na Rupingazi. Kutoka mashariki ya mlima huo huo huja Mutonga, Thingithu na Kathita. Kutoka vilima vya Nyambene huja Ura na Rojeweru, inayopita katika mbuga ya wanyama ya Meru. Nimetaja iliyo mikubwa tu. Kila mmoja katika hii una watoto wake, na watoto wana wajukuu, na mzee wa Murang'a aliyezaliwa kati ya mgongo mmoja wa nchi na mwingine anaweza kukutajia vijito vya bondeni kwake kwa majina, kimoja kimoja, bila kukosea. Ramani ya ukutani darasani haina majina hayo. Ndiyo sababu nasema mzee huyo ni msomi wa mito kuliko mwanafunzi aliyepata alama zote kumi.

Utazame mto Thiba peke yake. Ungeondolewa katika ramani, watahini wengi wasingegundua. Walakini mchele wa Mwea, unaoliwa Nairobi na Mombasa na mahali pengi pengine, ni mchele wa Thiba na Nyamindi. Mifereji ya kwanza ya Mwea ilichimbwa katika miaka ya 1950, tena kwa mikono ya wafungwa waliotiwa kizuizini wakati wa hali ya hatari. Na bwawa lililojengwa juu ya mto Thiba kwa ajili ya mashamba hayo lilikamilika mwaka 2022. Kwa kadiri ya miaka 70, basi, tumekula kutoka katika tawimto hili, na hatujaliheshimu kiasi cha kulitaja katika jibu la mstari mmoja.

Sasa lije jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha hoja yote. Baada ya kupokea maji ya Meru na Nyambene, Tana huingia katika nchi kavu. Hupita Garissa, hupinda kuelekea kusini, hupita Hola na Garsen, hata ukafika Kipini. Katika safari yote hiyo ya mamia ya kilomita hakuna tawimto hata moja lisilokauka linaloingia. Kuna laga tu, makorongo yanayojaa kwa siku chache za mvua kisha yakarudi kuwa mchanga. Maana yake ni hii: wakati wa kiangazi, kila ndoo ya maji inayochotwa Garissa, na kila fahali anayenyweshwa na Waorma, na kila jaruba la Mpokomo, hutegemea maji yaliyokwisha kukusanywa huko juu, kijito kwa kijito. Mto wa chini hauna akiba nyingine. Basi anayefundisha kwamba Tana unaanzia mahali pawili ama patatu penye sifa anawafundisha watu wa juu kwamba vijito vyao vingine vyote havina hesabu, na anawaficha watu wa chini jina la mfadhili wao.

Wengine hunijibu kwa theluji. Husema: Mlima Kenya una barafu, na barafu hiyo ndiyo inayoyeyuka ikawa mto, kwa hiyo chimbuko lipo, nalo ni jeupe na laonekana toka mbali. Ni picha nzuri kwa kalenda. Barafu za Mlima Kenya zimepungua mno tangu zilipopimwa mwanzo, na zilizobaki ni vipande vidogo tu. Lau mito ingalikuwa inazitegemea, ingalikwisha kufa pamoja nazo. Mito ya mlima huo hulishwa na mvua, na mvua hutunzwa na msitu na udongo wake, ambao huinywa na kuitoa pole pole hata miezi ya kiangazi. Anayetazama kilele chenye kung'aa huku miti ikianguka chini yake anatazama pasipo na kazi.

Tuje kwenye mabwawa. Juu ya Tana tumejenga Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Masinga ndilo ghala la maji la mabwawa yale mengine, na lilipangwa kuhifadhi mita za ujazo zaidi ya milioni 1,500. Lakini tope limeingia humo kwa kasi kuliko walivyokadiria wahandisi. Tope hilo halikutoka Tana. Lilitoka katika ukingo wa kijito fulani cha Murang'a, au Nyeri, au Kirinyaga, ambako mtu alilima mpaka jembe likagusa maji, ama akapanda mikaratusi penye chemchemi kwa kuwa mikaratusi hukua upesi na huuzwa nguzo. Mtu huyo si mwovu. Ana shamba dogo na watoto wengi, na shuleni aliambiwa kwamba mto uko kwingine, mkubwa, wenye jina. Kile kilichopita nyuma ya nyumba yake kilikuwa mtaro tu.

Hapa sheria imewatangulia walimu. Kanuni za maji za nchi hii huagiza ukingo wa mto uachwe bila kulimwa wala kujengwa, kati ya mita 6 na mita 30 kila upande kwa kadiri ya upana wa mto. Hazisemi mto wenye sifa. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 nayo hutambua jumuiya za watumiaji wa maji katika mabonde madogo madogo. Na mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya juu na Nairobi, ili wanaotumia maji huko chini wawasaidie wakulima wa juu kuchimba matuta na kushika udongo. Hayo ni mawazo ya watu walioelewa kwamba mto ni mkusanyiko. Ila sheria isiyofundishwa ni karatasi, na darasani bado twaimba Nyandarua na Bahari ya Hindi.

Nimemtaja mama wa Nairobi, na sharti nilipe deni hilo. Kitabu husema mto Thika huingia katika Tana. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, sehemu ya maji ya mto huo huzuiwa na kupelekwa Nairobi kwa mabomba. Ndiyo sehemu kubwa ya maji ya jiji. Mwaka 2022 ulizinduliwa mfereji wa chini ya ardhi, wa karibu kilomita 12, unaoyachukua maji ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka katika bwawa hilo hilo. Kumbukeni kwamba Nairobi haiko katika bonde la Tana. Iko katika bonde la Athi. Basi maji yaliyozaliwa Nyandarua ili yaende Kipini hugeuzwa njia, yakanywewa Nairobi, yakafulia nguo na kuogesha watoto, yakatoka kama maji machafu, yakaingia mto Nairobi, na kutoka hapo yakaenda Athi hadi Malindi. Wazee walisema maji hufuata mkondo. Siku hizi hufuata bomba. Watu wa Murang'a wamelalamika kwamba wanapokonywa, watu wa Nairobi wamelalamika kwamba hayatoshi, na wa Tana ya chini hawakuulizwa. Sisemi jiji lisinywe. Nasema kwamba mzozo huu ni mkubwa kuliko yote ya mito katika nchi yetu, na mwanafunzi aliyekariri ncha mbili za kamba hana hata neno moja la kuuingilia.

Na huo Athi tumeukosea kwa namna nyingine: tumeukata vipande vitatu. Juu unaitwa Athi, ukishapokea mto Tsavo unaitwa Galana, na karibu na bahari unaitwa Sabaki. Nimewaona wanafunzi wakiuorodhesha kuwa mito mitatu. Ni mto mmoja. Mkono wake mmoja, mto Nairobi, huanzia katika kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, maji yakiwa safi, kisha hupita katikati ya jiji na hali yake kila mtu anaijua kwa pua. Mkono wake mwingine, Tsavo, huleta maji ya Kilimanjaro na ya chemchemi za Mzima, ambazo nazo huinywesha Mombasa. Wakati wa mvua Sabaki huitia bahari ya Malindi rangi ya matofali. Mtu atupaye taka katika kijito cha Mathare anazituma pwani, na hahitaji stempu.

Wapo watu wa milimani ambao hoja yangu huwafurahisha kupita kiasi. Husema: basi kama kijito chetu ni chimbuko, ni mali yetu, tutakitumia tupendavyo. La, hasha. Hilo ndilo kosa la Speke limevaa kanzu ya kwetu. Tutazame Ewaso Ng'iro wa kaskazini, unaokusanya maji ya Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Timau na Ewaso Narok, ukateremka katika nchi ya Wasamburu kuelekea kinamasi cha Lorian. Huko juu kila shamba lilitia bomba lake katika kila tawimto, kila mmoja akiamini kwamba achukuacho ni kidogo. Na kwa kila mmoja kilikuwa kidogo. Kuanzia mwaka 1984 mto huo umekauka mara kadhaa wakati wa kiangazi huko Archers Post, na wafugaji wakabaki wakichimba mchanga kutafuta maji. Kutokana na ugomvi huo watu wa bonde hilo walianza kuunda jumuiya za kugawana maji kabla sheria haijawaamuru. Wakaketi, wa juu na wa chini, wakapatana zamu. Hawakuketi kujadili chimbuko. Waliketi kuhesabu mabomba.

Tena msidhani kwamba hasara huja kwa ukame peke yake. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliua watu zaidi ya 200 nchini, na Tana ukafurika hata barabara ya Garissa ikakatika. Maji hayo yalikuwa ni yale yale ya vijito, yaliyoshuka yote kwa pamoja kwa kuwa penye msitu na vinamasi vya kuyashika palikuwa pamelimwa na kujengwa. Mkulima wa Kipokomo ameishi na mafuriko tangu kale na kuyatumia, akipanda mpunga katika tope linaloachwa na mto. Naye ajua kwamba mto hata mdomo hauna mmoja wa milele: katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na mto Ozi, na baadaye mto mzima ukafuata njia hiyo. Hawezi, hata hivyo, kuishi na mto unaoletwa kwake mwaka huu kama vumbi na mwaka ujao kama ukuta.

Walimu wenzangu wataniambia kwamba mtoto hawezi kubebeshwa majina 30, na kwamba lazima somo lirahisishwe. Nakubali kurahisisha, sikubali kudanganya. Mtoto wa miaka 14 ajuaye majina ya wachezaji 11 wa timu ya ng'ambo, na wa akiba juu yake, hashindwi na Mathioya na Thiba. Wala simtaki ayakariri yote. Namtaka achukue daftari, akifuate kijito kilicho karibu na shule yake, aandike jina lake kama wazee wanavyolitamka, aandike kinapita mashamba ya aina gani, wapi kimelimwa mpaka ukingoni, mabomba mangapi yametiwa humo, na kinaingia mto upi. Shule ya bonde la chini yaani Hola au Garsen ifanye vivyo hivyo kwa kurudi nyuma. Kisha shule hizo ziandikiane. Ramani itakayopatikana itakuwa na majina ambayo hayamo katika ile ya ukutani.

Na juu ya mtihani, nimeulizwa na wanafunzi wangu mara nyingi: tukiandika hayo, tutapata alama? Mtahini akiomba mstari mmoja, mpeni mstari mmoja. Andikeni kwamba Mto Tana hukusanya maji ya mito ya Nyandarua, Mlima Kenya na Nyambene, na kuyapeleka Bahari ya Hindi. Sijaona bado mtahini aliyekata alama kwa kuongezewa Nyambene.